Maana ya Tano

12 Januari 1984

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, na kabla hujauliza, sisi huku hatujambo. Barua yako ya Desemba ilifika imelowa upande mmoja, lakini mwandiko ulisomeka, ule ule wa mtu anayekimbizwa na mbwa. Mama yako aliisoma mara mbili. Alicheka sana pale uliposema umerithi koti la marehemu wa chumba cha tatu, hapo kwenye nyumba yenu ya wazee, na kwamba linakukaa vizuri kuliko lilivyomkaa mwenyewe. Halafu akasema, "Koti la maiti, jamani," akarudi kwenye cherehani yake. Ana kazi ya sare za shule hadi shingoni. Fundi viatu jirani yetu ameoa, na sisi tulishakata tamaa naye. Paka amezaa nyuma ya pipa la maji. Mimi goti linanisumbua ngazini, lakini hilo halijaanza leo.

Sasa nakuja kwenye langu. Kamusi yangu ya Kiingereza kwa Kiswahili imefika herufi F na nimekwama. Ofisini bado tuko wawili, mimi na mpiga chapa, na masanduku ya viatu yaliyopangwa mpaka darini, yamejaa kadi. Mkubwa wetu hupita kila Ijumaa, huchungulia mlangoni, huuliza, "Bado F?" na huondoka kabla sijajibu. Neno lenyewe ni fine. Cheka tu. Hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, na hapo ndipo lilipojificha, kwa sababu neno ambalo kila mtu analijua hakuna anayelitazama. Kamusi za zamani zimeandika "zuri" zikapita zao. Zuri! Unga ukiwa fine haujawa mzuri, umekuwa laini. Uzi ukiwa fine ni mwembamba, na mama yako atakwambia huo ndio unaokatika.

Kanuni yangu unaijua, umeisikia tangu ukitambaa chini ya meza yangu: siandiki maana ambayo sijaisikia kinywani mwa mtu aliye hai. Kila kadi iwe na sentensi kama ilivyosemwa, nani aliyeisema, lini, na alikuwa katika hali gani. Hali ndiyo nusu ya maana. Huku nani ataniambia fine kutoka moyoni? Mpiga chapa wangu akilitamka linanuka kitabu. Wewe huko ng'ambo unaishi na watu wanaolinywa na chai. Nikusanyie, mwanangu, ukipata nafasi kati ya shuka na beseni.

Mjomba wako

Mwanangu, kula. Usivae viatu vilivyolowa. Huyu na kamusi yake watatutoa roho. Mimi sijambo. Mama


9 Februari 1984

Mjomba,

Shikamoo, na Mama umpelekee shikamoo yake, mpe na busu la shavuni hata kama atakusukuma. Mimi nipo, nimepona mafua. Viatu nimenunua vipya, mwambie, vya mpira, vinapiga kelele koridoni kama bata. Wazee wananijua kabla sijafika mlangoni.

Kazi yako nimeipenda kuliko yangu. Mfuko wa aproni umejaa vipande vya karatasi na wenzangu wanadhani nawapeleleza. Haya, pokea.

Mzee wa chumba cha kwanza, aliyekuwa fundi saa. Namimina chai, anainua kidole: "That's fine." Hakusifu chai yangu, Mjomba, alikuwa ananisimamisha. Ni "inatosha" yetu, au "basi hapo".

Bibi wa dirishani, asiyeona vizuri. Kila asubuhi ananiuliza kama ni fine nje, nami namtazamia mbingu. Juzi nilimwambia ndiyo kumbe mvua inanyesha, ile ya manyunyu. Akaitegea sikio akasema hiyo nayo ni fine, mvua laini. Kwa hiyo ya mbingu na ya unga zimekutana kwenye dirisha moja.

Msimamizi wa zamu. Nilimwambia mashuka yameisha. "Fine," akasema bila kuinua macho, akafunga kabati kwa goti. Hii ni "haya!" ya mtu aliyekasirika. Mama anayo hiyo hiyo, ile ya kunyanyua nyusi.

Na ya mwisho. Mzee mmoja, zamani mwalimu wa muziki, tulimkuta sakafuni karibu na kitanda, nyonga imevunjika, mguu umeangalia pembeni. Namwuliza, ananijibu, "I'm fine, dear." Alikuwa ananitabasamia. Hii sijui utaiweka wapi.

Sasa na mimi nina langu. Ombi langu la kibali cha kukaa limepokelewa. Jibu litatoka mwishoni mwa mwaka, na mpaka hapo nikitoka nje ya mpaka mlango umefungwa, sirudi tena. Mama anajua, tuliagana hivyo. Lakini nataka uniahidi, Mjomba, wewe si Mama. Kukitokea lolote, niandikie. Simu ya hapa iko ofisini na ina kufuli, na ya posta kwenu nikipiga anapokea muuza stempu, anasema "ngoja" halafu anakata. Ni barua tu. Kukitokea lolote naacha kibali na kazi nakuja. Uniahidi kwa maandishi.

Chiriku


20 Machi 1984

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku tupo, tunamshukuru Mungu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya shughuli ndogo ndogo za nyumbani. Mama yako anakusalimu. Miwani yake imevunjika, kwa hiyo safari hii hataongeza maneno yake chini, fundi ametuzungusha. Paka amehamishia watoto wake ndani ya kapu la vitambaa na hakuna aliyemfukuza. Mke mpya wa fundi viatu ni mtu wa watu. Huja kila asubuhi kutusaidia kidogo. Mimi nimejifunza kupika uji, na usicheke, hauna madonge.

Kadi zako zimemfanya mpiga chapa apige makofi. Ile ya fundi saa nimeiweka maana ya nne, "inatosha, hapana neno, basi". Unga, uzi na mvua ya bibi yako viko maana ya pili. Mbingu ni ya tatu, na ya kwanza ni ubora, kama kitambaa safi kilichofumwa kwa mkono wa mtu anayejua. Ya msimamizi nimeipa mstari wake chini ya nne, kwa sababu hasira nayo ina haki zake.

Mwalimu wa muziki ndiye anayenisumbua. Maana ya tano, ya watu, nilikuwa nimeshaiandika kwa penseli: "mwenye afya, mzima". Sasa kadi yako inaonyesha mtu amelala na nyonga iliyovunjika akilisema neno hilo hilo. Nimefuta. Nimeacha mstari mtupu. Niletee mengine ya namna hiyo.

Cherehani tumeihamisha kutoka dirishani, sasa iko nyuma ya mlango, imefunikwa shuka. Chumba kimepata nafasi. Mama yako mzima.

Mjomba wako


14 Aprili 1984

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za paka.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Mama ndiye aliyekuwa akisema cherehani itatoka dirishani siku yeye mwenyewe atakapotolewa mlangoni. Mwanga wake uko pale. Sare za shule anashonea wapi? Na kapu la vitambaa, Mama kamwachia paka kapu la vitambaa? Mwaka jana alimrushia kiatu kwa kukanyaga kitambaa cha bitana.

Miwani inavunjika, sawa. Lakini alikuwa anaandika jina lake hata taa ikiwa imezimika.

Na uji, wa nani? Wewe uji huli, unasema ni chakula cha wagonjwa na wafungwa.

Nadhani mnajua kazi ninayoifanya. Ndugu wa wazee hawa huja Jumapili wakaniambia baba yao alianza hivi na hivi, na karibu kila mara ilianza kwa kuhamishwa kitu fulani ndani ya nyumba. Kwa hiyo nakuuliza kwa adabu zote, Mama ana nini? Na ahadi niliyokuomba sijaiona popote kwenye barua yako, nimeigeuza hadi nyuma.

Kadi nimezifunga humu, tano. Mbili ni za maana yako ya tano. Bibi mmoja aliniambia ni fine akiwa amekunja shuka ndani ya ngumi, maumivu yamempanda. Mwingine alimwambia binti yake hivyo kwa sababu binti alikuwa ameshavaa koti la kuondoka.

Chiriku


30 Mei 1984

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba mwanangu. Sisi huku wazima, na ni matumaini yangu nawe u mzima katika kazi zako. Mvua zimekwisha. Goti langu limepata nafuu. Mkubwa wetu alipita Ijumaa, akachungulia, safari hii hata hakuuliza, alitikisa kichwa tu. Mpiga chapa amebadilisha utepe wa mashine, herufi zinawaka.

Una macho makali, ndiyo maana nilikupa kazi hii, lakini mtu akiishi na wagonjwa huona wagonjwa kila mahali. Mama yako amepunguza kazi. Umri nao unadai chake. Anakula vizuri na analala vizuri, hana neno, anakutaka usome barua za serikali vizuri na usikose siku yoyote wakikuita kuhusu kibali. Hilo amelisisitiza. Kibali kwanza.

Nirudi kwenye neno letu. Kadi zako mbili nimezitazama wiki nzima. Yule wa shuka na yule wa binti mwenye koti. Naona kwamba anayelisema hazungumzii mwili wake hata kidogo, anamshughulikia yule aliyeuliza. Anampa ruhusa aende. Lakini "ruhusa" huwezi kuiandika kwenye kamusi kama maana ya kivumishi, mkubwa wangu atanifukuza kazi na atakuwa na haki. Kwa hiyo mstari bado mtupu. Nilifikiria "sijambo". Mtu husema sijambo hata nyumba ikiungua, kwanza sijambo, halafu ndiyo moto. Ila "sijambo" si kivumishi, na mimi ni mtu wa taratibu.

Jitunze. Mama yako mzima.

Mjomba wako


20 Juni 1984

Mjomba,

Shikamoo. Mimi nipo. Hali ya hewa fine, maana ya tatu.

Umeandika "mzima" mara mbili, "hana neno" mara moja, na "anakula vizuri, analala vizuri" kama mtu anayesoma cheti cha shule. Nimekaa na barua zako zote kitandani nikazipanga kama unavyopanga kadi, nikaziuliza maswali yako mwenyewe. Nani amesema? Lini? Kwa maneno gani? Alikuwa katika hali gani? Tangu Januari hakuna hata sentensi moja ya Mama, Mjomba. Kuna "anakusalimu", kuna "amelisisitiza". Kama mpiga chapa angekuletea kadi za namna hiyo ungemrudishia usoni, naye angelia, nilishamwona akilia kwa kadi moja tu ya "embe".

Uliniambia nikiwa na miaka saba kwamba maana bila ushahidi ni uzushi. Nilikuwa nimekwambia kwamba mwalimu hayupo shuleni, ukaniuliza nani kasema. Basi na mimi nakuuliza.

Nataka kadi. Nenda kwa Mama, mwulize hali kama unavyowauliza watu wako sokoni, andika alichosema, neno kwa neno, na hali yake wakati anasema. Kanuni ni yako. Ukiniletea kadi iliyokamilika na ikaonyesha Mama yuko kwenye cherehani anagombana na paka, nitakuomba radhi na nitakaa hapa mpaka kibali kitoke. Usiponiletea nitajua.

Ninaogopa, Mjomba. Naosha miili ya mama za watu. Leo nilikuwa namsugua mgongo bibi wa dirishani nikajikuta namwita Mama, naye akaitika.

Chiriku


12 Agosti 1984

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kila nikitoka zamu napita kwenye kisanduku cha barua na wenzangu wameacha kunitania. Kama barua imepotea njiani niambie, nitaandika upya yale yale.

Mwalimu wa muziki alifariki wiki iliyopita. Alisema ni fine mpaka Jumatano.

Chiriku


Mpwa wangu,

Marahaba. Uliomba kadi. Nimeinakili kwa mkono wangu, haikupitia kwa mpiga chapa.

Mjomba wako

SIJAMBO. Sentensi: "Mwandikie sijambo. Mwambie asije, mpaka karatasi zitoke." Msemaji: fundi cherehani, dada wa mkusanyaji. Tarehe 2 Agosti 1984, asubuhi. Hali: msemaji amelala ubavu wa kushoto. Mkono na mguu wa kulia haviinuki tangu Februari. Amegeuzwa na watu wawili, mkusanyaji na mke wa jirani. Hula uji kwa kijiko, akilishwa. Pete imezungushiwa uzi isidondoke kidoleni. Sauti ndogo, midomo imeenda upande, mkusanyaji aliinama kuisikia. Alipoombwa arudie kwa ajili ya usahihi, alirudia neno la kwanza tu. Uso ulielekea ukutani. Maana:


9 Septemba 1984

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kadi imefika jana. Neno "mgonjwa" halimo, nimelitafuta, nimeelewa kwamba alikuapisha usiliandike na hukuliandika. Kila kitu kingine kimo. Asante. Nimeisoma kwenye chumba cha mashuka, nimekalia marobota, na sikutoka mpaka kengele za wazee zikawa zinalia zote kwa pamoja.

Nakuja. Nimepata nafasi ya tarehe 24, ya mapema zaidi hakuna, nimeuliza mpaka wamenichoka. Msimamizi nimemwambia naacha kazi. Alisema, "Fine," halafu akanikumbatia, na sijui hiyo utaipa mstari gani. Kibali nakiacha. Mwambie Mama nakuja na asigombe, na kama atagomba na agombe, nitafurahi kusikia anagombana. Mwambie mimi ndiyo kazi yangu kugeuza watu. Nitamgeuza peke yangu, najua namna ya kumshika asiumie, wewe na mke wa fundi viatu mtapumzika. Kumbe nimejifunza haya yote kwa ajili yake.

Mpake mafuta visiginoni na mgongoni, na mgeuze mara kwa mara, asilalie upande mmoja. Msiweke mto chini ya magoti. Tafadhali fanya hivyo tangu siku utakapoipata barua hii.

Cherehani irudisheni dirishani. Aione tu.

Chiriku


13 Septemba 1984

Mpwa wangu,

Sijui nianzie wapi, maana kila barua niliyowahi kukuandikia ilianza kwa kusema hatujambo.

Simu ya maandishi umeshaipata. Mama yako alifariki tarehe 11 alfajiri, na jana tumemzika. Watu walikuwa wengi. Wanafunzi walikuja na sare zao, walimu wao waliwaleta, na nilitazama mishono kwenye mabega ya watoto wale nikashindwa kutazama kitu kingine. Fundi viatu alifunga duka siku nzima. Mpiga chapa ndiye aliyenishika mkono.

Nitakwambia yote sasa. Ilimpata Februari, akiwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Aliniita, akasema uzi umepotea, nao ulikuwa umeshikwa na mkono wake mwenyewe. Alipoweza kusema tena, jambo la kwanza alilolisema ni wewe. Alinishika ukosi kwa mkono uliobaki akaniapisha nisiandike neno hata moja kwamba anaumwa. Alisema, "Akija atarudi kukaa hapa kunitazama nikifa, halafu atabaki na cherehani." Nilibisha. Unamjua mama yako, haambiliki. Niliapa. Mimi ni mdogo wake, amenilea, sikuwahi kumshinda kwa lolote.

Siku za mwisho hakuwa na maumivu makali, hilo ni kweli na nina ushahidi, nilikuwa nimekaa naye. Hakusema neno la kuaga. Alikuwa anatazama mlangoni, pale nyuma ya mlango ilipo cherehani. Nilidhani anaitaka. Mke wa fundi viatu anasema alikuwa anautazama mlango.

Barua yako ikiwa njiani, sitaijua mpaka ifike. Nitaisoma kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimsomea mama yako tangu augue, ila sasa nikiwa peke yangu.

Nyumba ni kubwa. Uji bado naupika, asubuhi nakuta nimeshaupika.

Mjomba wako


7 Oktoba 1984

Mjomba,

Shikamoo.

Sikuja, kama ulivyoona. Tarehe 24 ilipita nikiwa kwenye zamu. Nilikuwa nimeshafunga sanduku, nikalifungua, nikazirudisha nguo moja moja kabatini, na msimamizi alinirudisha kazini bila kuniuliza. Alisema bado naweza kwenda kulia kwetu. Nilifikiria sana. Mama alisema nisije. Nimemtii sasa, wakati haimsaidii chochote.

Kibali kimetoka. Kimetoka mapema, jamaa wa ofisini walishangaa. Kiko mezani, kina muhuri mzuri sana. Kila nikikitazama namwona Mama ameelekea ukutani.

Kuna jambo moja, nikilimeza litanikwama kooni, kwa hiyo nitaliandika mara moja tu. Kadi ni ya tarehe 2 Agosti. Muhuri wa posta kwenye bahasha ni wa tarehe 23. Kwenye kona kuna doa la wino, la bluu, kama lile la mfuko wa shati lako unakoweka kalamu. Najua kadi ilikuwa wapi wiki hizo tatu. Ingeondoka siku ile ile ningemkuta. Usinijibu kuhusu hili. Ulikuwa umeapa, na ulikuwa unatembea nayo kifuani kila siku kwenda ofisini na kurudi, nakuona kabisa. Nakulaumu, Mjomba. Sina mtu mwingine duniani kama wewe, na leo nakulaumu. Labda mwakani nitakuwa nimeacha.

Kamusi usiiache. Mkubwa wenu asije akapata raha. Nakuletea kadi moja, ya mwisho ya neno letu, imekamilika kwa kanuni yako.

FINE, maana ya 5. Sentensi: "I'm fine." Msemaji: mhudumu wa wazee, mpwa wa mkusanyaji. Tarehe 12 Septemba 1984. Hali: msemaji amesimama kando ya kitanda cha bibi wa dirishani, anatandika shuka. Simu ya maandishi iko mfukoni mwa aproni, imesomwa. Bibi, asiyeona vizuri, alipapasa kitanda akauliza ana nini leo, mbona shuka analitandika mara ya tatu. Msemaji alijibu kama ilivyoandikwa hapo juu, akamwambia na mbingu ilivyo nje. Maana:

Pale pa maana nimepaacha wazi kama ulivyopaacha wewe kwenye ya Mama. Nimezitazama zote mbili pamoja. Zichape hivyo hivyo, moja chini ya nyingine, mstari mtupu.

Kula, Mjomba, na si uji. Usipande ngazi za ofisini na goti hilo bila kushika ukuta. Usivae viatu vilivyolowa. Mimi sijambo.

Chiriku